Nyekundu Inaleta Damu

Nyar Nyakach,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya meza yangu, pale pale sokoni Obunga, chini ya lile turubai lenye tundu ambalo uliahidi kulishona ukafa kabla hujalishona. Ni saa saba mchana. Hakuna wingu hata moja kutoka huku hadi ziwani, na bado nasikia harufu ya mvua. Unaijua ninayoisema, ile ya vumbi likipigwa na matone ya kwanza. Imenifuata tangu asubuhi na mate yamenijaa mdomoni.

Hapa kando yangu upo mkebe wako wa kakao. Kesho naupeleka Pap Onditi kwa mama yako, na karatasi hii itakuwa ndani. Sijui kama wafu husoma. Wewe hata ukiwa hai ulikuwa mvivu wa kusoma, kadi yako ya kliniki nilikuwa nakusomea mimi. Basi nitaisoma kwa sauti kabla sijaifukia, usije ukapata kisingizio.

Nianze na habari za nyumbani, ndiyo adabu.

Mtoto wako yupo, mzima. Ana miezi saba, meno mawili ya chini, na anatambaa kwa mkono mmoja kama anayefukuzwa. Mama yako alimwita Akoth kwa sababu ya mvua iliyokuwa ikinyesha saa ile. Ana paji lako la uso na hasira yako. Akinyimwa kitu halii, anakukazia macho tu mpaka uone aibu wewe. Kaka yake Felix naye ameanza kusema maneno. Alikutafuta muda mrefu, sasa ameacha. Nimeona nikwambie ukweli kuliko kukupamba.

Karai lako la kukaangia samaki lilichukuliwa na msichana mmoja aliyetoka upande wa Nyamasaria. Anakaanga vizuri lakini chumvi haijui kabisa. Wateja wako wanakula wakinung'unika, na mimi moyoni nafurahi kidogo.

Mimi nimeacha kuuza odowa, yale mawe ya kutafuna. Wiki tatu sasa. Pale nilipokuwa napanga mafungu ya mawe sasa kuna osuga na dek, mboga za nyumbani, na malimau. Wanawake wenye mimba bado wanakuja, wanaangalia mboga, wanaangalia chini ya meza, wananiuliza nimeyaficha wapi. Nawaambia yameisha. Nusu hawaniamini na wana haki, maana ulimi wangu huu soko zima linaujua.

Na nina mimba. Mwezi wa nane. Hilo nadhani ulilijua kabla yangu.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuja mezani kwangu ukiwa na mimba ya Felix, mikono imejaa magamba ya samaki, ukasema, "Nyar Uyoma, nipatie kitu ya kutafuna, hii mafuta ya samaki inanimaliza roho." Nikakupa kipande cha rangi ya jivu, laini, kile kinachoyeyuka ulimini. Ulifumba macho. Sijawahi kuona mtu akila jiwe kwa heshima kama ile. Kuanzia hapo tukawa marafiki, wewe binti wa Nyakach, mimi binti wa Uyoma.

Yale ya rangi ya jivu yalikuwa yanatoka yenyewe. Mekundu ndiyo yalinishinda. Yalikuwa na mchanga, yanasaga meno, lakini aliyeniletea magunia alikuwa anayachanganya humo humo na sikuwa na pa kuyatupa. Basi siku moja nikainua moja juu mbele ya watu, nikapiga kelele, "Nyekundu inaleta damu!" Wewe ndiye uliyeuliza, "Kweli?" Nikakujibu, "Kwani damu ni rangi gani?" Watu wakacheka, wakanunua. Lilikuwa neno la sokoni tu, Aoko. Nililitunga nikiwa nimesimama, kama tunavyotunga yote.

Na wewe ukaliamini! Wewe uliyenijua, uliyekuwa unaniita mwongo mara tatu kwa siku. Mimba ya Akoth ilipokuja, Felix bado ananyonya na mgongo wako haujapoa, hukutaka tena ya jivu. Kila Jumamosi uliniletea mkebe huu nikujazie mekundu. Nami nilikujazia mpaka pomoni, halafu juu yake naweka kimoja kikubwa cha nyongeza, kwa sababu wewe ni rafiki. Nilijiona mtu mkarimu sana.

Nimekaa nikirudia rudia yale yote niliyokuwa nayaona na sikuyaona. Ulikaanga mgongo wazi kutwa, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishaondoa mnofu, na kichwa chenye nyama kidogo ukamwekea mteja. Wewe ulikula ugali na sukuma, ukishushia na chai ya rangi iliyochemka tangu alfajiri mpaka ikawa nyeusi. Neti uliyopewa kliniki uliifunikia samaki wasiguswe na nzi. Nilikusifu kwa hiyo akili. Malaria ikakulaza mara mbili, ukainuka, ukarudi kwenye moto. Na kliniki yenyewe hukwenda mpaka mwezi wa saba, ukisema, "Mimba si kitu ya kutangazia soko, watu wako na macho."

Siku moja tukipanda kutoka bombani ulisimama katikati ya njia na mtungi kichwani. Ukaniambia, "Nyar Uyoma, kuna mtu anapiga ngoma ndani ya masikio yangu." Nikakuuliza kama ni ngoma ya harusi au ya matanga. Tulicheka sana. Hukujibu lakini.

Nisamehe kwa lile swali.

Sasa ile siku ya kujifungua. Sikupata nafasi ya kukueleza upande wangu, kwa hiyo nisikilize. Nilikuwa kwenye benchi nje ya mlango wa wodi. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata mtu hasikii jina lake. Mtoto akalia, nikamshukuru Mungu, nikaanza kufikiria uji. Halafu wauguzi wakaanza kupita haraka haraka. Baadaye sista mmoja mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akakaa karibu nami. Aliniambia damu uliyopoteza haikuwa nyingi. Alisema mwanamke mwingine angepoteza hiyo hiyo, akalala kidogo, akaamka akiulizia chakula. Ila wewe ulifika ukiwa hauna ya kupoteza.

Walikuwa wanatafuta ya kukuongezea. Nikapandisha mkono wa gauni, nikasema chukueni yangu, mimi na yeye ni kitu kimoja. Wakanitoboa kidole. Kijana wa maabara akaangalia kimashine chake, akanitazama, akasema kwa upole, "Mama, hii yako haitoshi hata wewe mwenyewe." Nilidhani ananifukuza tu. Nilimtukana. Kumbe alikuwa anasema kweli, na kumbe hata Akoth alipokuwa anazaliwa huyu wangu alikuwa tayari humu ndani, mdogo kama punje ya dengu, na hakuna aliyejua.

Waliniruhusu kuingia dakika chache. Midomo yako ilikuwa rangi ya karatasi. Ulinishika kidole kile kile kilichotobolewa, ukasema, "Mvua inanukia vizuri." Basi. Mtu akifa watu huuliza aliacha wosia gani. Wewe uliniachia hiyo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Si Ochieng mume wangu, si mama yako, si mchungaji. Ndilo linalonifanya niandike.

Tulikuzika kando ya ua, upande wa mibono, kama wanavyozikwa mabinti wanaorudi kwao bila mume. Unajua udongo wa kwenu, ule mweusi unaoshika viatu. Zamu yangu ya kutupa udongo ilipofika, niliinama, nikachota, nikautupa juu yako. Nikasikia ukidondoka juu ya mbao. Halafu nikasimama pembeni na mkono wangu ukiwa umechafuka. Na harufu ikaja, Aoko. Ile ya mvua. Kwaya ilikuwa inaimba. Nikainua mkono kama ninayejifuta machozi, nikalamba kiganja.

Sio kwa bahati mbaya. Nilikilamba chote, mpaka katikati ya vidole.

Mimi ambaye sikuwahi kuonja! Miaka yote ya kuuza, hata chembe. Nilikuwa nasema muuza pombe mwenye akili hanywi. Na cha kwanza kunipitia mdomoni kikawa udongo uliotoka shimoni mwako.

Tangu siku ile sikuwa peke yangu. Sijui nilieleze vipi hili. Nilikuwa nikivunja mawe kwa nyundo, vumbi likiruka, na mkono unapeleka kipande mdomoni kabla sijaamua. Nikawa nafunga vipande kwenye pindo la leso. Ochieng akinikumbatia nageuka ubavu, asivisikie. Nilikuwa nachagua mekundu, yale yale yanayosaga meno, ambayo sikuyapenda hata kwa macho. Nilikuwa nikitafuna nasikia namna yako ya kutafuna, ule mlio wa pole pole upande wa kushoto, ukisimama kila baada ya mara tatu. Halafu ngoma ikaanza. Kwanza nikipanda mlima, baadaye hata nikiwa nimekaa. Du, du, du, ndani ya sikio. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hukunijibu.

Mchana mmoja nikasinzia hapa hapa mezani. Nikakuona umekaa mbele yangu na karai lako. Chini ya karai hakukuwa na moto, lakini mafuta yalikuwa yanachemka, na wewe ulikuwa unatafuta kitu ndani yake kwa mkono mtupu. Hukuonekana kuumia. Ukaniangalia, ukasema, "Nipatie." Neno hilo tu. Nikazinduka na kipande kinywani.

Nikamwambia Mama Prisca, yule wa nyanya wa meza ya pili. Unamjua, hana siri lakini ana majibu. Aliniangalia tumbo, na wakati huo halikuwa limeonekana, akasema, "Wewe uko na mtoto. Na huyo wa ndoto anataka mtoto aitwe jina yake." Halafu akateremsha sauti, "Lakini usimpee. Mtu alikufa akizaa haitwi. Ukiita jina yake anakuja na kifo yake." Nilimwambia aache ushamba. Jioni ile nilihesabu siku zangu, nikakuta amesema kweli kuhusu mtoto. Nikaogopa kwamba na hilo lingine ni kweli.

Kwa hiyo miezi yote hiyo sikwenda kliniki. Ona ujinga. Nilijiambia nikienda watanitoboa kidole, na namba ya damu watakayoiona itakuwa yako. Nilifanya ulivyofanya wewe, hatua kwa hatua. Chai ya rangi. Samaki kwa mteja. Tabitha wangu hata miaka miwili hajafikisha na huku ndani mwingine anapiga mateke.

Mkebe wako niliuchukua chini ya meza yako siku ya tatu baada ya mazishi, uwe ukumbusho. Ukitikiswa ulikuwa na sauti mbili. Mawe yanagonga kwa sauti nzito, na chini yake kuna sauti nyepesi, kama maharagwe makavu. Sikuufungua. Niliuweka juu ya kabati, na nakuapia, kulikuwa na siku unasikika na hakuna aliyeupita karibu. Ochieng anasema ni panya. Labda ni panya.

Nilipomaliza mawe yangu mekundu, gunia jipya bado halijaletwa, nikaufungua, nikijua ya kwako yamo. Ndio, nilikuwa nakuja kuiba chakula cha maiti. Nikatoa cha juu, kile kikubwa cha nyongeza nilichokiweka mimi. Nikatoa vingine. Na chini kabisa nikakuta vidonge. Vyote. Dawa ya kuongeza damu uliyopewa tangu siku ya kwanza ya kliniki, haikupungua hata kimoja, imelala chini ya mawe, imefunikwa vumbi jekundu mpaka huwezi kutofautisha kidonge na kokoto.

Wewe mwanamke mwongo. Mbele ya sista uliitikia, "Nakunywa, daktari." Mimi ukaniambia, "Hiyo dawa inanifanya natapika, na choo inatoka nyeusi kama lami." Nilidhani unalalamika tu huku unameza. Na kila Jumamosi nikaushika mkebe huu, nikaujaza, bila kuangalia chini. Mkono wangu ndio uliokuwa unavifunika, Aoko. Wiki baada ya wiki nilikuwa navizika.

Nilikaa chini sakafuni nikalia mpaka Tabitha akaniletea kikombe cha maji. Halafu, na hili nalo ulijue, nilikula lile jiwe kubwa. Nikiwa bado nalia.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuja yule wa Jumanne.

Alikuja saa sita kamili, soko limejaa, jua la kuchoma. Mwanamke amejitanda leso mpaka machoni kujikinga na jua. Alinyoosha mkono juu ya mawe, kiganja juu. Nikampa chekundu, akaondoka, sikuuona uso. Jumanne iliyofuata tena. Mara hii niliona alama ya kuungua chini ya kidole gumba, mviringo, pale pale mafuta yalipokurukia mwaka ule. Nikajiambia wakaangaji wote wana alama za mafuta. Ni kweli wanazo.

Jumanne ya tatu nilikuwa nimemsubiri. Mkono ukaja. Nikakiangalia kile kiganja vizuri kwenye jua. Hakikuwa na rangi. Hata kwenye mistari, ambako mtu huwa na wekundu, palikuwa peupe. Nikasema, "Mama, hii mkono haina damu. Enda kliniki."

Akajibu kwa sauti ya chini, "Na yako je?"

Nikageuza mkono wangu. Nikauweka kando ya wake juu ya mawe. Ilikuwa mikono miwili ya mtu mmoja.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaingia katikati ya watu. Nikamuuliza Mama Prisca amepita wapi yule mwanamke. Akasema, "Mwanamke gani? Nimekuona ukiangalia mikono yako mwenyewe tu." Lakini Prisca alikuwa anapanga nyanya, na Prisca akipanga nyanya hata moto hauoni. Sitaki kukuuliza kama ulikuwa wewe. Usinijibu.

Nilifunga meza saa ile ile. Nilikwenda kliniki na nyundo yangu ya mawe bado ndani ya kikapu.

Nilimkuta yule yule sista mwenye miwani ya uzi, kumbe huwa anahamishwa huku na kule. Alinivuta jicho kwa chini, akakitazama kiganja, akanitoboa kidole. Namba hakuisema haraka. Akauliza, "Unakula odowa?" Nikasema hapana. Akasema, "Toa ulimi." Nikatoa. Alicheka mpaka akavua miwani, maana ulimi ulikuwa mwekundu wa jiwe.

Halafu akaacha kucheka. Aliniambia, "Hata mimi nilikula, mama, sikupigii kelele. Lakini hiyo mawe inashika chuma ya chakula kwa tumbo, damu haipati kitu. Na damu ikikosa, mwili inazidi kutaka mawe. Inakuzungusha hivyo mpaka inakulaza." Nikamuuliza kuhusu nyekundu. Akasema rangi ya jiwe ni ya jiwe. Na kwamba kuna mayai ya minyoo humo, nayo yakikua yananyonya kile kidogo ulichobakiwa nacho. Nilitaka kumwambia ni nani aliyelitunga lile neno. Nilishindwa.

Alinipa vile vidonge. Alisema nimeze na chakula, nikamulie limau kwenye mboga, na chai ikae mbali, nisubiri saa nzima na zaidi ndipo ninywe. Choo kikiwa cheusi nisishtuke, ni dawa tu. Ona kilichokuua, nyar Nyakach: uliogopa weusi wa choo na hukuogopa weupe wa mkono. Alinipima malaria pia, akanipa dawa ya minyoo na neti, akaniapisha kwamba hataiona ikiwa juu ya samaki. Akasema namba isipopanda nitazalia hospitali kubwa, damu ikiwa imeandaliwa, na nisithubutu kukaa nyumbani uchungu ukianza.

Jumapili iliyofuata nikaenda kwenu. Mama yako alikuwa anapepeta mtama, akanionyesha kwa kidevu mtoto aliko. Akoth alikuwa ameketi kando ya ua, upande wa mibono. Mwenyewe, ametulia. Nikamwita, akageuka. Mdomo wote ulikuwa mweusi. Ngumi mbili zimejaa udongo wako, na anatafuna. Pole pole, upande wa kushoto. Anasimama, halafu anaendelea.

Watoto wote hula udongo. Najua. Najiambia kila siku.

Nilimnyanyua, nikamwosha kinywa kwa pindo la leso na maji, naye ananikazia macho. Bibi mmoja jirani aliyekuwa amekuja kusalimia akasema, "Muache. Babu zetu walisema, nyekundu inaleta damu, nyeusi inaleta nguvu." Nilihisi nywele zinanisimama. Maneno yangu! Niliyatunga mimi, Obunga, mbele ya mafungu, na yamefika Nyakach kabla yangu, yamezeeka njiani, yamepata na ndugu. Nikamwambia, "Nyanya, hiyo si ya babu, hiyo ni yangu, na ni uongo." Alinihurumia kwa macho, kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba.

Nilikaa na mama yako mpaka yule bibi alipoondoka. Ndipo nikamweleza yote. Neno la sokoni, mkebe, vidonge. Nilimwambia na lile la kiganja... hapana, lile sikumwambia. Nilitazamia anifukuze. Aliendelea kupepeta. Mwishowe akasema, "Ulimpea kile aliomba." Sijui kama ni msamaha. Nilimuuliza pia kuhusu ndoto na jina, na yale ya Prisca. Akajibu, "Kama anataka jina, mpee. Mtoto wangu hakuwa mbaya. Alikuwa tu na njaa."

Leo asubuhi nimepimwa tena. Namba imepanda. Kidogo. Haijatosha. Sista amesema, "Iko njiani, usiirudishe nyuma," na akaniangalia kikapu. Alijua. Maana hata jana, Aoko, nilifungua mkebe wako nikalamba kimoja. Nilikirudisha, lakini nilikilamba. Kimebaki hicho kimoja tu duniani upande wangu, na tangu nianze kuandika mkono wa kushoto umekwenda kwenye kifuniko mara nne.

Kwa hiyo sikiliza nitakavyofanya. Jiwe hilo litabaki ndani, na karatasi hii juu yake, na vidonge vyako chini. Nitachimba kwa jembe la mama yako pale kando yako, shimo refu, Akoth asilifikie. Vidonge umeze huko. Umechelewa, lakini umeze. Nitamwomba mama yako aweke miiba kuzunguka hapo mpaka mtoto apate akili. Na kila mwanamke atakayekuja mezani kwangu nitamwangalia kiganja kabla ya kumwuzia hata limau, wakitaka waniite mchawi. Kuhusu jina, nitakuambia mwisho. Ngoja, kuna mteja.

Nimerudi. Naandika haraka, utasamehe mwandiko.

Alikuwa yule msichana wa karai lako. Hajawahi kufika mezani kwangu, hununua mboga kule juu. Alisimama ameshika kiuno, akanyoosha mkono, akasema, "Mathe, iko nyekundu? Wanasema inaleta damu." Nikaangalia ule mkono. Chini ya kidole gumba ana alama ya mafuta, bado mbichi. Nikamuuliza kama alikuja Jumanne zile tatu. Akasema hapana, Jumanne ndiyo siku anakwenda kuchukua mifupa, na hata leo ni bahati imepatikana mapema.

Leo ni Jumanne. Sikuwa nimefikiria.

Mkebe ulikuwa wazi hapa mezani na jiwe linaonekana. Aliliona. Alilitazama kama wewe ulivyokuwa unalitazama. Ningempa, angeondoka na furaha, na mimi ningepona kishawishi, wote tungefaidi. Nilifunga kifuniko. Nikamwambia, "Mimi ndiye nilianzisha hiyo maneno. Nilidanganya. Ilikuwa nimalize gunia." Nikaishika mikono yake, nikaigeuza juani, nikaweka wangu kando.

Wake ni mweupe, Aoko. Wangu kwenye mistari umeanza kupata rangi. Kidogo sana, lakini nimeiona, na yeye nimemwonyesha.

Amekaa hapa kwenye gunia ananisubiri nimalize. Nimemwambia namwandikia rafiki yangu kisha tunakwenda naye kliniki, na karai litajiangalia lenyewe. Anadhani wewe uko Nairobi.

Basi nifunge. Harufu ya mvua bado ipo na ngoma bado ipo, ila ngoma imesogea mbali kidogo. Mtoto huyu akija salama, na nitapigana aje salama, akiwa msichana ataitwa Aoko mbele ya watu wote, Prisca anune atakavyo. Nitamwambia jina ni la nani. Ukitaka kuja, njoo kwa mlango huo.

Lakini tuelewane, nyar Nyakach. Jina nakupa. Njaa yako, baki nayo.

Oriti, rafiki yangu. Kaa salama huko.

Wako,
Awino, nyar Uyoma